Inauzwa Januari, inavunwa Juni: kisa cha AMCOS moja ya Kagera na butura

Kisa chenyewe kwa kifupi

Hiki ni kisa cha AMCOS moja, yani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, hapa wa kahawa, mkoani Kagera, wakulima wake kama mia mbili hivi, ambao ndani ya miaka isiyofika kumi walipewa karibu kila kitu ambacho watu wa kilimo cha kisasa wanasema mkulima apewe: miche bora, mafunzo ya kupogoa, chanja za kuanikia, mzani mpya, akaunti za benki. Na bado kila ikifika Januari wengi wao walikuwa wanauza kahawa ambayo iko juu ya mti na haijaiva, na kuuza huko ndo kunaitwa butura. Jina la kijiji silitaji, wilaya silitaji, shirika lililoleta mradi silitaji, namba za ndani ya chama nimezizungusha na mambo madogo madogo ya watu nimeyachanganya ili mtu asije akatambulika. Mambo ya mkoa na ya nchi nimeyaacha yalivyo.

Nimeiandika zaidi kwa ajili ya maafisa ushirika, mabwana shamba na watu wa miradi, maana hawa ndo mara nyingi wanafika kijijini wakiwa na jibu mkononi kabla hawajajua swali.

Mazingira

Kwa ambaye hajafika kule, Mhaya anaishi ndani ya kibanja. Ni shamba linalozunguka nyumba, migomba imesimama, mibuni katikati yake, chini maharage, na mbolea yake tangu zamani ilikuwa ni samadi ya ng'ombe waliolishwa rweya, yani zile nyasi za wazi nje ya vijiji, halafu nyasi zenyewe zinakatwa zinaletwa kutandazwa chini ya migomba. Kwa hiyo rutuba ilikuwa inahama kutoka rweya inakuja nyumbani, nusu kwa ng'ombe na nusu kwa kichwa cha mama. Ndizi ni chakula, kahawa ni hela. Na kahawa yenyewe kule haikuletwa na mkoloni, robusta ilikuwepo Buhaya kabla yake, watu wanaitafuna, mpaka leo mgeni wa heshima anapewa akamwani atafune. Mkoloni alichofanya ni kuigeuza iwe zao la kodi na la kusafirisha.

Sasa huo mfumo ulikuwa mzuri ila umechoka. Vibanja vimegawanywa baba kwa mtoto kwa mjukuu hadi mtu anabaki na kipande ambacho ukisimama pembeni unaona mwisho wake, ng'ombe wamepungua, samadi hakuna. Upande wa soko nako historia ndefu: chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, yani kile kinachounganisha vyama vya msingi, kilianza 1950, serikali ikavifuta vyama vikuu 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982, mfumo wa dunia wa kugawana mgao wa kahawa ukavunjika 1989 na bei ikaanguka, halafu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mzee wa kule aliyeuza kahawa maisha yake yote ameona ushirika ukifa na kufufuka, ameona deni la chama likilipwa na kilo zake. Ukimwambia "lete kahawa chamani" anakuitikia vizuri sana kwa adabu, afu anakwenda kufanya anachojua yeye.

Halafu 2006 ukaingia mnyauko wa migomba. Huu ugonjwa wa bakteria dawa yake ni kung'oa, kukata lile ua dume la mwisho wa mkungu kwa kijiti chenye panda na kusafisha panga kwa moto au jiki, hakuna cha kupulizia. Kwenye kijiji chetu kaya nyingi zilipoteza nusu ya migomba, wengine zaidi. Hili watu wa mradi wa kahawa hawakuliweka kabisa kwenye hesabu zao kwa sababu wao walikuja kwa ajili ya kahawa. Lakini kaya iliyokuwa inakula ndizi zake sasa inanunua unga dukani, kila wiki, kwa hela taslimu. Yani kaya ambayo zamani ilihitaji hela mara chache kwa mwaka, ada, msiba, bati, sasa inahitaji hela kila wiki na kahawa inavunwa msimu mmoja.

Butura inavyofanya kazi

Butura ni kuuza kahawa kabla haijavunwa. Mnunuzi, mara nyingi ni mtu wa hapo hapo au kijiji cha jirani, anakuja Januari au Februari au unamfuata wewe, mnakubaliana idadi ya debe au ya mibuni, anakupa hela, mnaandikiana kikaratasi na shahidi mmoja, basi. Msimu ukifika anachukua mzigo wake. Kuna ya msimu mmoja na kuna ya misimu miwili mitatu ambapo anachukua miti kabisa, anavuna mwenyewe, wewe unabaki unaipita tu ukienda kuchota maji.

Chukua mfano wa hesabu rahisi. Tuseme kilo ya maganda, yani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, msimu unakuja kuwa 1,000 na mnunuzi wa butura anakupa 400. Kwa kilo 100 unapata 40,000 Januari, na Juni unatoa mzigo wa 100,000. Hiyo ni 60,000 juu ya 40,000 kwa miezi mitano. Hakuna benki Tanzania inayothubutu kuweka riba hiyo, na kwa sababu haiitwi riba hakuna mtu anayeilalamikia kwa jina hilo.

Serikali ya mkoa imepiga marufuku butura mara nyingi, kila mkuu wa mkoa anayekuja anaitangaza upya. Kijijini kwetu katazo lilifanya vitu viwili: makubaliano yakahamia usiku, na bei ya butura ikashuka kidogo, maana mnunuzi sasa anaweka na gharama ya kukamatwa. Ile gharama nani anailipa? Mkulima.

Mama mmoja mjane, kwenye kikao ambacho afisa alikuwa anawafokea wakulima kwamba wanajiibia wenyewe, alisimama akasema taratibu tu: "Waitu, mtoto akizidiwa saa nne usiku ofisi ya chama imefungwa. Yule bwana hajafunga." Akakaa. Afisa akaendelea na ratiba. Mimi naona kikao kile kingeishia pale pale ili watu waanze kazi.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Mradi uliingia karibu 2014. Ulikuwa mradi mzuri, niseme wazi, si wa kupiga picha na kuondoka. Walileta miche bora ya robusta inayostahimili mnyauko wa kahawa, ile inayotoka kwa watafiti wa kituo cha Maruku kule kule Kagera, wakafundisha kupogoa, wakafundisha kukata mibuni mizee ibaki kisiki ili ichipue upya, wakagawa vifaa vya chanja ili kahawa isianikwe chini kwenye udongo. Ushauri wao kwenye kukata ulikuwa wa kitaalamu kabisa: kata theluthi moja ya mibuni kila mwaka, usikate yote mara moja, mti ukikatwa unakaa msimu mmoja au miwili bila kuzaa.

Miche ilipandwa. Chanja zilijengwa, ingawa baadhi ziliishia kuanikia nguo na maharage. Ila kukata mibuni watu waligoma. Msimu wa kwanza, wa pili, hawakati. Ripoti za mradi zikaandika "wakulima wana mwitikio mdogo katika ufufuaji wa mibuni", na mabwana shamba wakawa wanasema hawa wazee ni wabishi.

Tarehe 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la Bukoba. Nyumba nyingi kijijini zilipasuka, chache zilianguka kabisa. Msaada ulikuja, turubai, blanketi, ila kujenga ukuta ni hela yako. Huo mwaka butura haikusubiri hata Januari, watu walianza Oktoba, na nyingi zilikuwa za misimu mingi. Baba mmoja nitamwita Baba Jovin alitoa mibuni karibu yote kwa butura ya misimu mitatu akapata bati na saruji. Ukimlaumu umwambie na wewe ungelala wapi na watoto watano.

2018 ikaja amri ya serikali kwamba kahawa yote ipite ushirika, wanunuzi binafsi wasinunue tena moja kwa moja kwa mkulima, ikusanywe AMCOS, iende chama kikuu. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki, kukata mkono wa dalali na magendo ya kwenda Uganda. Tatizo kijijini kwetu lilikuwa ni muda: malipo ya awali yalikuja kwa kuchelewa, malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, ndo usiseme, na mzani wa chama ulikuwa unafunguliwa siku mbili kwa wiki. Mkulima anabeba maganda yake anapewa stakabadhi, anarudi nyumbani na karatasi. Wakati huo huo usiku pikipiki zinapita na hela mkononi. Msimu ule chama kilipokea mzigo mdogo kuliko mwaka wa nyuma, wakati kwa macho tu ulikuwa unaona mibuni imezaa vizuri.

Mabadiliko yalianza kwa jambo dogo, karani. Bodi ilipoona mzigo umepungua ilitaka majina ya "wasaliti" yapelekwe kwa mtendaji. Karani wa chama, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa na subira isiyo ya kawaida, akaomba kabla ya majina wafanye sensa kimya kimya, kitongoji kwa kitongoji: nani ana mibuni mingapi, na katika hiyo mingapi ni yake msimu huu. Walikubaliana daftari halitaoneshwa mtendaji wala polisi. Ikachukua wiki kadhaa maana watu walikuwa wanadanganya mwanzoni, ila wanawake wakaanza kusema, kwa sababu wao ndo wanavuna na wanajua kila mti unakwenda kwa nani.

Daftari lilipojaa likaonesha kwamba karibu theluthi mbili ya kaya zilikuwa na angalau sehemu ya mibuni iliyouzwa tayari. Na hapo ndo lile suala la kugoma kukata likaeleweka. Mtu anakataje mbuni ambao msimu huu si wake? Ukiukata umemdhulumu aliyekupa hela, atakuja kudai nyumbani. Na ile michache ambayo bado ni yake hawezi kuikata kwa sababu ndo akiba yake pekee ya kuuza likitokea jambo. Wale "wabishi" walikuwa wanapiga hesabu sahihi kabisa, na mradi ulikuwa umefundisha kupogoa kwenye miti ya watu wengine.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowapeleka watu polisi, wauzaji wala wanunuzi. Ulipita kwa shida. Hoja iliyoshinda ni kwamba wanunuzi wawili kati ya wakubwa walikuwa watoto wa hapo hapo, mmoja ni shemeji wa mjumbe wa bodi, na ukimfunga mnunuzi bila kuweka kitu mahali pake Januari watu watakwenda kwa mwingine aliye mbali zaidi na mwenye bei mbaya zaidi.

Wa pili, wakaanzisha mfuko wao waliouita Mfuko wa Januari. Kila kilo inayoletwa chamani inakatwa shilingi 50 kwenye malipo ya pili, hela inakaa, inakopeshwa kuanzia Desemba mpaka Mei, inarudi Juni kwa kahawa. Riba asilimia 2 kwa mwezi. Kwa ule mfano wa juu, anayechukua 40,000 Januari anarudisha 44,000 Juni, na 56,000 ambazo zingekwenda kwa mnunuzi wa butura zinabaki ndani. Kiwango cha kukopa hakizidi theluthi ya mzigo wako wa wastani wa misimu miwili, ukihesabiwa kwa bei ya chini na si kwa bei ya matumaini.

Mfuko hawakuuweka ndani ya AMCOS. Waliuandikisha pembeni kama kikundi cha kijamii cha kifedha kupitia halmashauri, kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na sababu yake wazee waliisema bila kuficha: AMCOS ina madeni na chama kikuu, siku deni likidaiwa hela yetu itaondoka nayo. Mtu wa ushirika aliona kama ni kukosa imani. Ndiyo, ilikuwa kukosa imani, na walikuwa na miaka arobaini ya sababu.

Shirika likajitolea kuweka mtaji wa kuanzia. Wakakataa kwa msimu wa kwanza. Hili lilileta ugomvi mkubwa, vijana waliona ni ujinga kukataa hela. Ila mwenyekiti alisema kila mkopo wa mradi aliowahi kuuona kijijini haukurudishwa kwa sababu kila mtu alijua ni hela ya wazungu, na kama mfuko ukianza na tabia hiyo hautaiacha. Msimu wa pili ndo wakapokea, kiasi kidogo, kama mkopo wenye tarehe.

Wa tatu ni kukomboa mibuni. Kwa kaya zilizofungwa misimu mingi, chama kilikaa na mnunuzi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakamrudishia alichotoa na faida ya kiasi, karatasi ikachanwa, kaya ikabaki inadaiwa na mfuko badala ya mtu. Kukombolewa ni mara moja tu maishani. Baba Jovin alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Wa nne ni saa za mzani. Kipindi cha mavuno mzani ukawa wazi kila siku mpaka jioni, na debe la kwanza la kila wiki mtu analipwa siku hiyo hiyo kwa simu kutoka kwenye mfuko, linalobaki linasubiri utaratibu wa kawaida. Debe moja tu! Lakini debe moja ni unga, sabuni na mafuta ya taa.

Na wale wanunuzi wawili wa butura wenye pikipiki wakapewa kazi ya kukusanya maganda majumbani kwa malipo ya kilo.

Suala la majina

Hili nalitenga peke yake kwa sababu nusu ya wajumbe walitaka liachwe. Kule ardhi ya ukoo inafuata wanaume, na mwanachama wa chama kwa mazoea ni baba. Ila anayevuna, anayeanika na anayepepeta ni mama, na katika kile daftari la karani sehemu kubwa ya butura iliyofanyika usiku ilifanywa na baba bila mama kujua, mama anakuja kushtuka Juni watu wageni wanapanda kwenye mibuni. Sheria si kwamba imekaa kimya, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza kwenye kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyotoka Kagera hiyo hiyo, ilishasema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume anavyoweza. Ila hukumu ya Mwanza na kikao cha ukoo ni vitu viwili.

Chama hakikugusa ardhi. Kilichofanya ni kuweka sharti kwamba mkopo wa mfuko unatoka kwa saini mbili za kaya, na stakabadhi ya mzigo inaandikwa majina mawili. Wajane waliandikishwa wenyewe kwa mibuni wanayohudumia, bila kuulizwa hati. Kuna mzee alitoka kwenye kikao akisema sasa chama kinaoa. Alirudi Februari kukopa, na mkewe akasaini.

Matokeo

Msimu wa kwanza wa mfuko, kaya kama arobaini zilikopa na zote isipokuwa tatu zilirudisha. Mfuko ulikuwa mdogo mno, ukaisha mwishoni mwa Januari, na Februari butura ilirudi kama kawaida. Msimu wa pili ukafika Machi. Kufikia wa tatu ulikuwa unavuka mpaka Mei kwa mbinde. Mzigo chamani uliongezeka kila mwaka, na sidhani kama ni kwa sababu ya kilimo bora, miti ilikuwa ile ile, ni kwamba ulikuwa unapita mlango wa mbele badala ya dirishani.

Kukata mibuni kulianza chenyewe. Hakuna aliyewafundisha upya. Kaya zilizokombolewa zilianza kukata miti mizee michache michache kwa sababu sasa zilikuwa na uhakika wa kupita Januari bila miti ile. Bwana shamba aliyekuwa anawaita wabishi akawa anaitwa kila siku kuonesha pa kukata.

Kwenye bei walipata bahati pia. Robusta duniani ilianza kupanda, na 2024 ikafika viwango ambavyo havikuonekana kwa miongo mingi. Waliokuwa na mibuni huru waliona hela ambayo hawajawahi kuishika, kuna nyumba pale zimepauliwa upya zote kwa msimu mmoja. Waliokuwa kwenye butura ya misimu mitatu walitazama hela hiyo ikipita kwenye kibanja chao. Kwa hiyo pengo kati ya jirani na jirani likakua kwa kasi ndani ya mwaka mmoja kuliko miaka kumi ya nyuma, na hilo sijaliona likitajwa kwenye ripoti yoyote ya mafanikio.

Uchambuzi: kilichobeba

Nikiangalia yote, kilichobeba ni daftari la karani, na linapewa sifa ndogo kuliko zote. Bila kujua mti ni wa nani msimu huu huwezi kusoma tabia ya mkulima. Mradi ulikuwa na takwimu za kila aina, idadi ya miche, asilimia ya iliyoshika, idadi ya waliofunzwa, ila hakukuwa na safu moja ya kuuliza "hii imeshauzwa?" Na isingewezekana kuulizwa na mtu wa gari, maana jibu lake ni kosa la kisheria. Iliwezekana kwa sababu muulizaji alikuwa wa pale na ahadi ya kutopeleka kwa mtendaji ilitunzwa.

Pili, mfuko ulishindana na butura kwenye kile kitu butura inauza, yani haraka na mlango wazi. Wengi wanadhani ushindani ni bei. Bei ya mfuko ilikuwa nzuri mno tangu siku ya kwanza na bado watu walikuwa wanakwenda kwa mnunuzi, mpaka pale kila kitongoji kilipopewa mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuidhinisha kiasi kidogo usiku bila kikao. Hapo ndo namba zilibadilika.

Tatu, kisasa kilishika baada ya hela kukaa sawa, si kabla. Miche, chanja na mafunzo vilikaa pale miaka minne vikisubiri. Siwezi kusema vilikuwa kazi bure, maana bei ilipopanda ile miche ya 2014 ndo ilikuwa imekomaa, lakini mpangilio wake ulikuwa kinyume na umaskini wa pale ulivyokaa.

Uchambuzi: kilichogoma

Kanuni ya "hakuna mkopo wa sherehe" ilikuwa mbaya. Ilitungwa na watu wa bodi wenye nia safi, wakaweka ugonjwa na shule mbele na kufuta harusi na msiba. Sasa kijijini usipotoa mchango wa msiba wa jirani, siku yako ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Mchango ule ni bima. Waliokataliwa walikwenda butura moja kwa moja, na baada ya misimu miwili kanuni ikabadilishwa kimya kimya, msiba ukaruhusiwa kwa kiwango. Na shule nayo ilieleweka vibaya kwa upande mwingine, kuna wajumbe walidhani tangu elimu bila ada ianze 2016 hakuna tena hela ya Januari, wakati sare, madaftari, godoro la bweni na michango bado viko mlangoni.

Kukomboa mibuni kulizaa ujanja. Kaya chache zilikombolewa zikauza tena kwa mnunuzi wa kijiji cha pili. Sharti la mara moja tu lilisaidia, ila lilikuwa linawaumiza pia wale waliorudi butura kwa dhiki ya kweli, na bodi haikuwa na namna ya kutofautisha zaidi ya umbea.

Wale wanunuzi wawili walioajiriwa: mmoja alikuwa mkusanyaji bora kuliko wote, anaheshimika, mpaka akachaguliwa mjumbe. Mwingine alitumia kazi ile kujua nani ana mzigo ndani na nani ana shida, akaendelea na biashara yake ya zamani kwa taarifa za chama. Wakamwondoa, ila ilishakuwa.

Na kubwa zaidi kwangu ni waliokuwa nje ya hesabu tangu mwanzo. Mfuko unapima uwezo wako kwa kilo ulizoleta. Asiye na mibuni hana kilo. Kijiji kile kina watu wanaoishi kwa vibarua vya kuvuna kwa debe, na wanawake wanaolima vishamba vyao vya muhogo na njugu mawe huko rweya, na familia ambazo mnyauko ulizimalizia migomba zikauza kibanja kabisa. Hao ndo maskini zaidi pale. Bei ilipopanda malipo ya kibarua kwa debe yalipanda kidogo sana ukilinganisha, huku unga dukani ukiwa bei ile ile kwa wote. Kupunguza umaskini wa mkulima wa kahawa na kupunguza umaskini wa kijijini vilionekana ni kitu kimoja kwa muda mrefu, hapa viliachana njia.

Kuna pendekezo la karani, yule yule, kwamba wavunaji wa vibarua waingie mfukoni kwa akiba ya fedha badala ya kilo, hata 1,000 kwa wiki wakati wa mavuno, wakope Januari kama wengine. Baadhi ya wanachama wanasema chama ni cha wenye mibuni na kibarua akikimbia na hela utamdai mti gani. Wengine wanasema kibarua hakimbii, anakaa hapo hapo tangu babu yake. Wakati huo huo wanunuzi wa butura siku hizi wanatuma hela kwa simu kuanzia Novemba, bila kikaratasi wala shahidi, na wameshaanza kuwakopesha hao vibarua kwa kuwafunga wavune mashamba fulani tu. Kikao cha mwisho ambacho nina habari zake kiliiahirisha ajenda hiyo mpaka msimu uishe.